Laptopu za bei poa zimejaa sokoni, piga hesabu kabla ya kulipa

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha marekebisho ya bure ya usalama kwa programu yake ya Windows 10. Kwa wengi wetu habari hiyo ilipita kama mambo ya wazungu, lakini athari zake ziko Kariakoo, ziko Luthuli kule Nairobi, na ziko hata kwenye duka la pembejeo la kijijini.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Windows 11, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, inakataa sehemu kubwa ya kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Ofisi za nje zinaziondoa mashine hizo kwa wingi, na nyingine hupitia Dubai hadi kwenye meza za wauza mtumba wetu.

Wakati huo huo mashine mpya zimekabwa na bei. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana katika soko la dunia, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya kompyuta vya akili mnemba.

Hivyo mnunuzi mdogo anavutwa pande mbili: mpya ni ghali, ya mtumba ni rahisi kupita kiasi. Swali la kujiuliza ni je, urahisi huo ni faida kwake au ni mzigo alioutua mwingine?

Kompyuta si anasa tena kwa mkulima na mchuuzi. Tanzania, zabuni za Serikali zinaombwa kupitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023, na vyama vya ushirika vinatumia mfumo wa MUVU. Kenya, tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, isipokuwa kwa misamaha maalumu, katika hesabu za kodi ya mapato. Mashine ikizimika siku ya mwisho ya zabuni, hasara haiishii kwenye bei ya mashine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Laptopu ya zamani isiyopokea Windows 11 inauzwa Sh450,000, na betri nyingine itahitaji Sh80,000. Ikitumika miaka miwili tu kabla ya kukwama, ni Sh530,000 kwa miezi 24, yaani takriban Sh22,000 kwa mwezi.

Laptopu ya mtumba inayopokea Windows 11 inauzwa Sh650,000. Ongeza betri ile ile, inakuwa Sh730,000. Ikidumu miaka minne, ni kama Sh15,200 kwa mwezi. Iliyoonekana rahisi dukani ndiyo ghali shambani. Msomaji aweke bei za soko lake, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema heri kununua mpya ya bei ya chini. Hapo pia pana mtego. Nyingi za aina hiyo zina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 zilizochomelewa ndani, haziongezeki. Windows 11 inakubali kiwango hicho kama cha chini kabisa, ila ukifungua daftari la hesabu na mtandao kwa pamoja inaanza kuvuta miguu. Kwa kazi ya biashara, tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256.

Ndiyo maana mafundi wengi hupendekeza mtumba wa mashine zilizoundwa kwa ajili ya ofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Zimejengwa imara, vipuri vyake vinapatikana na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Lakini jina pekee halitoshi. Kwanza, soma namba ya prosesa. Kwa Intel, i5-6200U au i5-7200U ni vizazi vya sita na saba, haviko kwenye orodha ya Windows 11. Kuanzia i5-8250U kwenda juu ndipo penye usalama. Usidanganyike kwa kuona Windows 11 ikiwaka kwenye kioo. Fundi anaweza kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na Microsoft haiahidi kuipa marekebisho.

Pili, iunganishe na intaneti hapo hapo dukani, hata kwa simu yako. Kama itawezekana, muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako. Mashine za makampuni husajiliwa kwa mwajiri, na usajili usipoondolewa, laptopu inaweza kudai neno la siri la kampuni ya mbali ambayo hutaipata kamwe. Washa pia hadi kwenye mipangilio ya ndani ya mashine; ikidai neno la siri, iache.

Tatu, pima betri. Andika amri ya powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, punguza bei ya betri mpya katika maelewano. Kwa aliye mbali na umeme wa uhakika, betri ndiyo jenereta yake ya kwanza.

Nne, dai risiti halali yenye namba ya mashine, na muda wa dhamana uwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haina pa kushikika.

Na aliyekwisha kuwa na mashine ya Windows 10 afanye nini? Microsoft ilitangaza mpango wa ziada wa mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi, hadi Oktoba 13, 2026. Njia nyingine ni kuweka Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi za zamani. LibreOffice, nayo bure, inafungua majedwali ya Excel. Jaribu kwanza kama mfumo wa kodi unaoutumia unakubali.

Kuendelea bila kinga ni hatari zaidi kwa katibu wa chama cha msingi kuliko kwa mtu binafsi. Ndani ya mashine yake mna majina, simu, akaunti na kilo za kila mwanachama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Mwisho, laptopu yoyote, mpya au kuukuu, itaharibika siku moja. Nakala ya hesabu iwekwe kwenye diski ya nje kila wiki, na diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Mwizi akija, achukue chuma, asichukue na madeni ya wateja.