Jua la Durban

Nianze na wenzetu wa Ulaya. Mwingereza akistaafu na mvua za kwao zikamchosha, hukaa mezani na mkewe wakapanga kuhamia Uhispania wakaote jua. Wanapanga mchana kweupe. Wanauliza habari za kodi, za hospitali, hata bei ya mkate. Tangu nchi yao ijitoe Umoja wa Ulaya mwaka 2020, asiye na kibali anaruhusiwa kukaa huko siku 90 tu katika kila siku 180, basi maswali yao yameongezeka. Wengine wanapanga kuja huku huku kwetu. Zanzibar, mgeni akinunua nyumba ya dola 100,000 za Marekani au zaidi katika miradi iliyoruhusiwa, anaweza kupata kibali cha kuishi. Hakuna anayemwita mzamiaji.

Sasa njoo Kiswere. Jua tunalo la kugawa, linakausha dagaa asubuhi na ufuta mchana. Kijana wa hapa naye anapanga kuhama, anataka kwenda Bondeni, Durban, ambako kijiweni wanasema eti jua lake ni la raha, si kama hili la kuchomea watu. Lakini yeye anapanga kwa kunong'ona, kama mwizi wa kuku. Kodi haulizi, hospitali ndiyo kabisa. Anauliza swali moja tu: "Dalali anataka ngapi?"

Sikuja hapa kuwasema wanaoondoka. Watu wa kusini tumeondoka siku zote. Hilo jina la machinga linaloitwa kila mwenye meza Kariakoo ni jina letu, la Wamachinga wa pwani hii. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam wakati wa masika kulikuwa ughaibuni tosha. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii hii ya kusini, mwandishi wa Kinjeketile, alikwenda Berlin Mashariki kusoma, akarudi. Mjusi wa Tendaguru naye yuko Berlin tangu mifupa yake ilipochimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913, ila yeye hakuulizwa kama anataka kwenda.

Ninaowasema ni sisi, vijana tunaojiita waandishi. Na wa kwanza ni mimi.

Mwaka 2022 niliandika hadithi. Kijana wa Kiswere anaingia Durban ukurasa wa pili, ukurasa wa nne ana kinyozi chake, ukurasa wa saba yuko ufukweni na binti wa Kizulu wanakula kuku. Mimi mto Ruvuma sijauvuka hata kwa mtumbwi. Durban niliitunga kutokana na maneno ya kaka mmoja wa mtaa wetu aliyerudi mwaka 2015, baada ya zile fujo za Aprili za kuwafukuza wageni. Kijiweni alisema, "Sauzi bata tu, washikaji, nimerudi kumsalimia bi mkubwa." Nikaandika alichosema.

Usiku, tukiwa wawili chini ya mwembe, aliniambia mengine. Kwamba alilala chooni mwa duka siku tatu. Kwamba aliyemficha ni mama wa pale pale, Mzulu, na aliyemwonyesha kidole ni mteja wake wa kila siku. Kwamba pasipoti yake ilikuwa kwa tajiri wake wala hakuthubutu kuifuata. Hayo sikuyaandika. Niliona yataharibu hadithi!

Juzi nimemkuta mdogo wangu anaisoma hadithi ile. Ameikunja mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ameshaongea na dalali, na dalali anataka laki nane. Anamshawishi mama auze korosho za mikorosho ya marehemu baba kwa kangomba, zingali maua. Nikamwambia, yale nimetunga. Akacheka: "Kaka, unaniona mtoto? Unataka uende wewe kwanza."

Hivi, wenzangu, tunajua tunachokifanya? Mei 2008 waliuawa watu zaidi ya 60 kule Afrika Kusini katika fujo za kuwapiga wageni. Ikaja 2015, ikaja 2019. Watoto wa Kitanzania wanaolala chini ya madaraja ya Cape Town wakivizia meli wameandikiwa kitabu kizima, kilitoka mwaka 2016, na aliyekiandika ni mwandishi wa habari wa huko huko, Sean Christie, kwa Kiingereza. Yeye alikwenda akakaa nao. Sisi tunaoijua lugha yao, na pengine mama zao, tulikuwa tunaandika kuku na ufukwe.

Wapo watakaosema, basi tuandike yale ya kuonya: kijana anakwenda mamtoni, anapotea, anarudi na maradhi, anashika jembe na kulia. Hizo nazo tumeshiba tangu shule ya msingi, na uongo wake ni ule ule, umegeuzwa shati ndani nje. Wapo waliokwenda wakajenga. Mama wa jirani yetu anaezekewa bati na mwanawe aliyeko Johannesburg, na mwana yule halii. Kijana akiona bati na akisoma jembe, ataamini bati.

Andikeni mipango yenyewe. Pasipoti ni shilingi 150,000, nayo inaombwa kwa jina lako, huna haja ya dalali. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza, siku 90, lakini si kwa kufanya kazi. Siku ya 91 ndiyo riwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lipo tangu 2010, lakini ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, kuna vita tangu Oktoba 2017, na dalali hamtajii mtu jambo hilo. Nani anaandika mazungumzo ya mama na mwana usiku ule wa kuhesabu mikorosho? Hapo hapahitaji ndege wala binti wa Kizulu.

Mimi mwenyewe nikipata nafasi nitakwenda. Sifichi. Nataka kuiona hiyo Durban niliyoiuza.

Yule kaka nimemfuata mara mbili kumwomba amweleze mdogo wangu yale ya chooni. Mara ya kwanza alisema ana kazi ya kushona wavu. Mara ya pili alinitazama sana, akasema, "Wewe si ndiye mwandishi? Mwandikie." Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na mama amekubali kusubiri mpaka hapo, mdogo wangu hajakubali. Nimeanza kuiandika upya ile hadithi. Nimefika mlango wa choo.