Sisi Sio Watu wa Kupokea Tu

Vijana wenzetu, someni. Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, someni pia, maana hii inawahusu.

Wiki iliyopita tulikaa kupanga mchango wa watu wapya wanaoendelea kuingia kutoka Kivu. Kikombe kimoja cha maharagwe kila nyumba, basi. Kijana mmoja akacheka: "Eti mkimbizi amsaidie mkimbizi? Hiyo ni kazi ya wazungu." Wengi wakacheka naye.

Sasa tuwaulize. Mnajua kwamba Kongo yetu iliwahi kutuma msaada nje? Januari 2010, tetemeko lilipobomoa Port-au-Prince, serikali yetu ilitangaza kutoa dola milioni 2.5 kwa Haiti. Ndiyo, Kongo hii hii ambayo kwenye televisheni inaonyeshwa kwa watoto wenye njaa.

Wengi wetu tulikuwa wadogo, lakini wakubwa wanakumbuka kelele za wakati ule. Walimu hawalipwi, barabara hakuna, halafu pesa iende ng'ambo? Hasira hiyo tunaielewa. Hatuko hapa kuitetea serikali. Ingetulinda, tusingekuwa kwenye foleni hii. Lakini kosa lake lilikuwa kutomlipa mwalimu, sio kumkumbuka Mhaiti. Tena Haiti sio wageni kwetu. Baada ya uhuru wa 1960, Wabelgiji wengi walipoondoka na shule zikakosa walimu, Wahaiti walivuka bahari wakaja kufundisha watoto wa Kongo.

Na kutoa kwetu hakukuanzia kwenye pesa ya serikali. Waangola waliokimbia vita vya ukombozi miaka ya 1960 walipokelewa Kongo. Warundi wa 1972 pia. Julai 1994, karibu Wanyarwanda milioni moja waliingia Goma kwa siku chache tu. Kati yao walikuwemo wauaji, na matokeo yake tunayabeba mpaka leo, hatufichi. Lakini aliyempa mtoto mwenye kiu maji hakukosea. Hata sasa, pamoja na vita vyote, Kongo inahifadhi wakimbizi zaidi ya nusu milioni kutoka Rwanda, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini na Burundi.

Kwa hiyo anayesema sisi hatuna cha kutoa hajui anakotoka. Wazee walishasema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na nyinyi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini tuseme ukweli. Kwenye karatasi zenu sisi ni "walengwa". Mnatuitia semina ya kutufundisha moyo wa kujitolea, halafu picha mnazopiga ni za mikono iliyonyooshwa. Je, usiku ule watu wapya walipofika kabla ya turubai, walilala wapi? Walilala kwenye vyumba vya mama zetu, watu nane kwenye mkeka mmoja. Hiyo haijaandikwa kwenye ripoti yoyote tuliyosomewa. Tuiteni siku ya kupanga, sio siku ya kutangaziwa yaliyopangwa.

Mtu asiyageuze maneno haya. Hatusemi posho ipunguzwe kwa sababu tunasaidiana. Imeshapunguzwa vya kutosha, na watoto wanalala njaa. Posho ni haki ya aliyepoteza shamba lake. Mchango wetu ni kitu kingine: ni sisi kukataa kusahau kwamba tulikuwa na nyumba, na mgeni alikuwa akibisha hodi tunafungua.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tuko pale kwenye bomba la maji. Kikombe kimoja cha maharagwe. Asiye nacho alete jerikeni ya maji, au aje na mikono yake tujenge. Na wewe uliyecheka, ndugu yetu, njoo. Hatuna kinyongo. Kuna mzee kafika na wajukuu wanne, na nyumba yake bado haina paa.