Chakula cha mgeni tumekipokea. Je, mgeni mwenyewe?

Ukishuka kwenye treni Kigoma, hutembei hatua nyingi kabla mama lishe hajakuita. Ana chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, ana chapati, sambusa na bajia. Mchana atakuwa na ugali kwa migebuka au dagaa, na kachumbari pembeni. Wateja wake ni makuli, wanafunzi, wavuvi wa Kibirizi na watumishi wa serikali. Hakuna anayekaa kwenye benchi lile akajiona anakula chakula cha ugenini.

Hata hivyo, ukiacha ugali na samaki wa ziwani, sehemu kubwa ya meza ile ina asili ya Bara Hindi, au ilitufikia kupitia mikono ya Wahindi. Majina yenyewe yanatuambia. Chapati, bajia na kachumbari ni maneno yaliyovuka bahari pamoja na vyakula vyake, kama yalivyovuka maneno gari, bima na laki. Na kutoka baharini Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200.

Vyakula hivi vilifikaje huku? Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Fedha nyingi zilizoiendesha zilikopeshwa na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, akiwamo Taria Topan. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, aliishi Mhindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri, ambaye mwaka 1861 alimpokea nyumbani kwake mpelelezi Mwingereza John Speke. Tusiipambe historia hiyo. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na ndugu zetu waliofungwa minyororo. Baadaye, mwaka 1914, Reli ya Kati ilifika Kigoma, na maduka ya Wahindi yakaongezeka katika miji ya kandokando ya reli. Hata mwembe, mti tunaouhusisha na mkutano wa Livingstone na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, asili yake ni Asia. Leo nani atamwambia mtoto wa Ujiji kwamba embe si tunda la kwao?

Chakula kina njia yake ya kupata uraia. Hakiombi kibali. Kinaingia jikoni, kinaonjwa, kinapendwa, na baada ya kizazi kimoja au viwili kinakuwa chetu.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi mbali na nyumbani. Nilipokuwa masomoni Ulaya, mwaka mmoja nilitumwa kusaidia huduma ya Noeli katika parokia moja ya milima ya Tirol, Austria, mji ambao watu huenda kuteleza kwenye theluji. Waumini walinipokea kwa upendo na kunilisha vizuri: mkate mweusi, jibini, supu, nyama ya nguruwe. Lakini siku ya nne, nikipita kwenye kichochoro chenye theluji hadi magotini, nilisikia harufu ya bizari na vitunguu vinavyokaangwa. Ilikuwa mgahawa mdogo wa familia kutoka Punjab. Niliketi, nikaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa yenye iliki. Nilipomwambia mwenye mgahawa kwamba amenilisha chakula cha nyumbani, alicheka, kisha akaniuliza nyumbani kwangu ni wapi hasa. Nikamwambia, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika.

Tukazungumza. Alikuwa ameishi pale miaka mingi. Aliniambia kwamba wateja wake wa mjini wanajua majina ya vyakula vyote vilivyo kwenye orodha, hata vile vigumu kutamka, ila jina lake wengi hawalijui. Wanasema tu, "Twende kwa Mhindi." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Ndugu msomaji, maneno ya mpishi yule yanatuhusu. Binadamu anaweza kupenda sana chakula cha mtu bila kumpenda mtu huyo. Tumbo linafungua mlango upesi, moyo unachelewa.

Tazama majirani zetu wa Uganda. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Makumi ya maelfu waliondoka wakiacha nyumba na maduka. Chapati haikufukuzwa. Leo chakula mashuhuri kuliko vyote barabarani Kampala ni rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Mpishi alipelekwa uwanja wa ndege, mapishi yakabaki. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere, aliye sasa Mtumishi wa Mungu, alisimama bungeni mwaka 1961 akakataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Lakini sheria haiwezi kumkalisha mtu mezani. Hiyo ni kazi ya jirani.

Na sisi wa ukanda wa ziwa tunaulizwa swali hilo kwa namna ya pekee. Mwaka uleule wa 1972 Warundi wengi walikimbilia kwetu wakiokoa roho zao. Mwaka 1996 Wakongo walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa wilayani Kasulu. Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana ufukweni Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli yetu kongwe, MV Liemba, iliwachukua safari baada ya safari hadi Kigoma mjini, wakahifadhiwa kwanza Uwanja wa Lake Tanganyika.

Kutoka kwa majirani hao wa ng'ambo tumepokea mengi. Tunakula nao sombe iliyopikwa kwa mawese. Tunavaa vitenge vyao Jumapili. Kwaya zetu zinacheza kwa midundo yao. Kisha tukitoka kanisani, watoto wawili wakigombana, tusi la kwanza ni "mkimbizi wewe!" Binti akileta mchumba, swali la kwanza si kama anasali wala kama anafanya kazi, ni kama "si Mrundi huyo?" Na tunauliza hivyo sisi Waha, ambao tukienda mikoa mingine tukasikika tukizungumza Kiha, tunatazamwa kwa shaka na kuulizwa kama kweli ni Watanzania! Kitabu cha Kutoka kinawakumbusha Waisraeli wasimwonee mgeni kwa sababu wao wenyewe wanaujua moyo wa mgeni. Nani anaujua moyo huo kuliko mtu wa Kigoma?

Kuna atakayesema, "Padre, wewe unahubiri tu. Wakimbizi wamemaliza kuni, wamepunguza ardhi, na wengine waliingia na silaha." Asemaye hivyo hasemi uongo. Vijiji vya Kasulu, Kibondo na Kakonko vimebeba mzigo ambao mataifa tajiri yangeulalamikia wiki ya kwanza. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka, na aliyekimbia ana haki ya kurudi kwao kwa amani na kwa hiari yake. Mkristo hakatazwi kuyasema hayo. Anachokatazwa ni kumhukumu mtu mzima mzima kwa kosa la mwingine, au kumtumia kisha kumdharau.

Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili, Mtume Paulo anasimulia ugomvi wa Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wa mataifa bila shida. Walipofika watu kutoka Yerusalemu, akaogopa watasemaje, akajitenga na meza ile. Paulo alimkemea mbele ya wote. Tunaweza kujiuliza, kwa nini makelele yote kwa ajili ya mtu kuhama meza? Petro hakukana imani, wala hakumtukana mtu. Lakini Paulo aliona kwamba kwenye meza ile Injili yenyewe ilikuwa inapimwa. Kama Kristo amewakubali hawa, mimi ni nani hata nione haya kuonekana nikila nao?

Angalia kwamba swali la Paulo ni Petro anakula na nani. Sisi tumeshinda mtihani mwepesi: tunakula vya watu wote. Mtihani mgumu ni kula pamoja na watu wote, wenzetu wakitutazama.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Katika jumuiya zetu ndogondogo, yuko mama anayekaa nyuma kila wiki kwa sababu lafudhi yake inamsaliti. Sala ijayo ifanyike nyumbani kwake, na chai tuinywe pale. Kwenye harusi na misiba, tusimwite tu kuja kupika sombe kwa kuwa anaijulia. Apewe kiti, na apewe nafasi ya kusema neno. Mhindi mwenye duka mjini, aliyezaliwa hapahapa na wazazi wake wakazikwa hapahapa, tumwite kwa jina lake, na watoto wetu wasikie tukimwita hivyo. Waislamu wa Ujiji wanaotuletea pilau siku ya Idi, tuwakumbuke Noeli na Pasaka, tukawapelekee wenyewe na kuketi kidogo, badala ya kumtuma mtoto na sahani. Na wazazi, siku mtoto atakapotamka neno "mkimbizi" kama tusi, tusinyamaze.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunaufikiria uponyaji huo kama zawadi alizobeba mgeni, na kweli tumezipata: mapishi, maneno, nguo, nyimbo. Lakini kuna ugonjwa wetu ambao zawadi haziuponyi. Ni ile hofu ya watasemaje, iliyomshika hata Petro. Hiyo inapona siku tunaposogea kwenye benchi ili mwingine apate pa kukaa.

Leo tutapokea Ekaristi, mkate wa ngano na divai ya mzabibu, chakula cha nchi za mbali na ziwa letu, kilichofika Ujiji mwaka 1879 pamoja na Mapadre Weupe, nao wakiwa wageni. Hatukipokei kila mtu chumbani kwake. Tunapanga mstari mmoja. Mtazame aliye mbele yako katika mstari huo, na kabla hujaondoka kanisani, muulize jina lake.