KIKI YA DAMU: Muuaji Akifanywa Staa, Anayefuata Yuko Chumbani Anaangalia

Wadau wa burudani wanaijua kiki kuliko mtu yeyote. Msanii amekaa mwaka mzima bila wimbo, ghafla anaachana na mpenzi wake hadharani, analia laivu, wiki moja baadaye ngoma mpya imetoka. Watu wanacheka, wanatukana, wanashea. Yeye hajali nani amecheka na nani ametukana, maana vyote vinahesabika sawa. Kitu pekee kinachommaliza mwenye kiki ni watu kukaa kimya.

Sasa kuna watu wameisoma fomula hiyohiyo, ila wao hawana wimbo wa kutoa. Wana bunduki.

Tarehe 4 Desemba 2024, asubuhi, bosi wa kampuni kubwa ya bima ya afya ya Marekani alipigwa risasi mgongoni barabarani, katikati ya jiji la New York. Alikuwa baba wa watoto wawili. Kwenye risasi palikutwa maneno yameandikwa, maneno yanayokumbusha jinsi kampuni za bima zinavyochelewesha na kukataa kulipia wagonjwa. Siku tatu baadaye, tarehe 7, kabla mtu yeyote hajakamatwa, vijana walikusanyika kwenye bustani moja jijini humohumo kufanya mashindano ya nani anafanana zaidi na mpigaji. Ndiyo, mashindano, na zawadi ikatolewa. Watu walikuja na makoti yenye kofia, wamejifunika kama yule wa kwenye kamera. Mtuhumiwa alipokamatwa na sura yake kutoka, ndio kabisa: "hendsamu", "hebu angalia tabasamu", fulana zikachapwa, mugi za kahawa zikauzwa. Kesi bado ni kesi na mshtakiwa amekana mashtaka, hilo liheshimiwe. Lakini mashabiki hawakusubiri mahakama. Hawakuwa wanasema hakuua. Walikuwa wanasema ameua vizuri.

Na hasira dhidi ya bima ni ya kweli, hakuna ubishi. Mtu aliyenyimwa dawa ya mama yake ana haki ya kukasirika mpaka kesho. Ila hasira ni kitu kingine, na kumgeuza mpiga risasi kuwa picha ya kuweka stetasi ni kitu kingine kabisa. Kwa sababu mahali fulani kuna bwana mdogo amejifungia chumbani, hana marafiki, hana kazi, anaangalia hizo laiki zinavyopanda. Yeye haoni bima. Anaona kwamba risasi zenye maandishi zinatrendi.

Hili la maandishi lifuatilieni vizuri, maana ndipo uigaji unapoonekana kwa macho. Machi 15, 2019, mtu aliyeingia kwenye misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, na kuua watu 51, alikuwa amezichora bunduki zake kwa rangi nyeupe: majina ya vita vya zamani, tarehe, majina ya wauaji waliomtangulia. Bunduki hazihitaji maandishi ili zifanye kazi. Yale yaliandikwa kwa ajili ya kamera, na kamera ilikuwa juu ya kofia yake, inarusha laivu Facebook. Agosti 2025, huko Minneapolis, Marekani, mtu alifyatua risasi kwenye kanisa la shule watoto wakiwa kwenye misa. Watoto wawili wakafa. Silaha zake nazo zilikuwa zimeandikwa, na kati ya yaliyoandikwa ni majina ya wauaji wa nyuma. Wiki mbili baadaye, Septemba 10, mwanaharakati maarufu wa siasa akapigwa risasi chuoni Utah mbele ya umati, na hapo tena maganda ya risasi yakakutwa na maandishi, safari hii utani wa mtandaoni. Haijathibitishwa kwamba huyu alimuiga yule, na mahakama zina kazi yake. Lakini mtindo unasafiri, kama staili ya kunyoa.

Mizizi yake iko Columbine. Aprili 20, 1999, wanafunzi wawili wa sekondari hiyo ya jimbo la Colorado waliua wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Jarida la Time likatoka na kava: wauaji wawili katikati, picha kubwa za rangi, wanatabasamu. Waliouawa wakawekwa pembeni, picha ndogondogo zisizo na rangi. Yaani mhariri alikaa mezani, akaamua nani awe staa na nani awe mpambe. Wale wawili walikuwa wameacha na kanda za video walizojirekodi wakijigamba. Polisi wa pale walikataa kuzitoa kwa umma kwa kuhofia waigaji, na mwaka 2011 wakaziteketeza. Pengine hao ndio watu pekee katika sakata lote waliofikiria kuhusu mtoto anayefuata.

Maana wafuasi walishakuja. Mwaka 2007, aliyeua watu 32 kwenye chuo cha Virginia Tech alisitisha mauaji katikati, akaenda posta, akatuma kifurushi cha video na picha zake kwenye kituo cha televisheni cha NBC, halafu akarudi kuendelea kuua. Kwenye video hizo aliwataja wale wa Columbine kama mashahidi waliokufa kwa ajili ya imani. NBC wakazirusha. Aliyeua watoto 20 na watu wazima sita shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, alikuwa ametengeneza jedwali la kompyuta la wauaji wa halaiki, na idadi ya watu waliouawa na kila mmoja. Kama mtu anavyofuatilia msimamo wa ligi.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Sherry Towers wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha hesabu zao: mauaji ya halaiki ya bunduki yakitokea Marekani, uwezekano wa mengine kutokea unabaki juu kwa wastani wa siku 13. Wapo watafiti wengine waliopiga hesabu upya wakazibishia hizo siku. Wabishane, ndiyo kazi yao. Ila kuhusu mtu mmoja mmoja hakuna cha kubisha, kwa sababu wenyewe wanasema. Wa Christchurch aliandika kwamba alivutiwa na yule wa Norway aliyeua watu 77 mwaka 2011. Wa Buffalo, New York, aliyeua watu weusi kumi kwenye supamaketi Mei 2022, alimtaja wa Christchurch, akanakili sehemu nzimanzima za maandishi yake, na yeye pia akaenda laivu. Twitch wakaikata ndani ya dakika mbili. Haikusaidia, kuna mtu alishairekodi, na klipu ikaendelea kutembea.

Na ile ya Christchurch? Walioitazama ikiwa laivu hawakufika 200. Mia mbili tu! Hata kumbi za harusi za Sinza zinaingiza zaidi ya hapo. Lakini ndani ya saa 24 Facebook walisema wamelazimika kuondoa au kuzuia nakala milioni 1.5. Hizo nakala hakuzipandisha muuaji, alikuwa mikononi mwa polisi tayari. Zilipandishwa na watu wa kawaida, wengine wameweka na emoji ya kulia na maneno "Mungu tusaidie". Wema kabisa. Walikuwa wanamfanyia promo bure.

Sasa twende kwenye mjadala wa silaha, ambako watu wengi wanapigwa chenga bila kujua. Katika yale aliyoyaandika, muuaji wa Christchurch alisema wazi kwamba alichagua bunduki, na siyo njia nyingine, kwa sababu bunduki zitawasha ugomvi, hasa Marekani, kuhusu nani aruhusiwe kumiliki silaha. Yaani hata mabishano ya baadaye aliyaweka kwenye ratiba ya shoo. Alitaka kambi mbili zirushiane matusi huku yeye akiwa picha ya katikati.

New Zealand wakamnyima. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alisimama bungeni akasema hatalitamka jina lake. Maandishi yake yakapigwa marufuku nchini humo. Na Aprili 10, chini ya mwezi mmoja tangu mauaji, bunge likapitisha sheria ya kuondoa bunduki nyingi za semi-otomatiki, zile zinazojipakia risasi zenyewe, kwa kura 119 dhidi ya moja. Mwezi mzima wa kelele ulielekezwa kwenye chuma, siyo kwenye sura. Australia nao mwaka 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, serikali zao zilikubaliana ndani ya wiki mbili, kisha wakanunua silaha zaidi ya 600,000 kutoka kwa raia na kuziharibu. Na Port Arthur yenyewe ilitokea wiki sita tu baada ya mtu kuua watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Scotland. Paul Mullen, daktari wa akili aliyeyafuatilia mauaji ya aina hii, alieleza kwamba habari za Dunblane zilichangia kumsukuma yule wa Port Arthur.

Linganisha na Marekani. Baada ya Sandy Hook, watoto 20 wa darasa la kwanza wamezikwa, muswada wa kukagua historia ya wanunuzi ulipata kura 54 za maseneta dhidi ya 46. Ukafa, kwa sababu ulihitaji 60. Na Desemba ileile ya mauaji, FBI ilipokea maombi zaidi ya milioni 2.7 ya ukaguzi wa wanunuzi wa silaha, rekodi kwa wakati ule. Watu walikimbilia madukani kabla mlango haujafungwa, na mlango haukufungwa. Sheria ya maana ilikuja kupita Juni 2022, karibu miaka kumi baadaye, na nayo ilisubiri Buffalo kwanza, halafu Uvalde.

Uvalde, Texas, Mei 24, 2022: wanafunzi 19 na walimu wawili. Kila mtandao ulijaa selfi za muuaji, alivyovaa, alivyokuwa akichati na wasichana, alivyokuwa akiteswa shuleni. Habari yenyewe ilikuwa mistari miwili. Alitimiza miaka 18, na ndani ya siku chache akanunua bunduki mbili kubwa dukani kihalali. Wa Buffalo naye alikuwa amepelekwa kupimwa akili mwaka mmoja kabla, baada ya kuandika shuleni kwamba anataka kuua na kujiua, na bado alinunua yake dukani kihalali. Hayo ndiyo ya kuposti. Aliuziwaje, nani aliliona onyo, sheria ipi ilimruhusu? Bahati mbaya stakabadhi ya duka haina macho mazuri, haiwezi kufanyiwa mashindano ya kufanana.

Wapo watakaosema kuficha jina ni kuficha ukweli, umma una haki ya kujua. Sawa, jina litajwe mahakamani, litajwe gazetini mara moja, waandishi wachimbe maisha yake wanavyotaka kama wanatafuta ni wapi angeweza kuzuiwa. Hakuna anayeomba giza. Lakini mtu anayemwekea muuaji muziki wa taratibu nyuma ya picha zake, akaongeza na moyo mwekundu, huyo atafute jina lingine la anachofanya. Haki ya kujua haipigi bito.

Na wa Bongo wasijifanye haya ni ya Wazungu. Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla hajauawa mwenyewe. Mtu bado yuko barabarani, klipu tayari ziko kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya VICOBA. Ikafuata minong'ono, nadharia, na wengine wakaanza kumsifia jinsi alivyokuwa akitembea bila haraka. Muulize mtu yeyote mtaani leo jina la aliyeshika bunduki, atakutajia bila kufikiri. Muulize jina la yule mlinzi, aliyeamka alfajiri kwenda lindo. Subiri jibu.

Kule Christchurch walikuwepo watu wawili ambao klipu zao zingestahili kutembea. Naeem Rashid, ndani ya msikiti wa Al Noor, alimkimbilia muuaji mikono mitupu na kumgonga, akapigwa risasi, akafa. Mwanawe Talha aliuawa siku hiyohiyo. Kwenye msikiti wa pili, Linwood, Abdul Aziz alisikia milio, akachukua alichokiona karibu, mashine ya kulipia kwa kadi, akatoka nje kumfuata mtu mwenye bunduki. Alimrushia. Akajificha kati ya magari, akampigia kelele amfuate yeye ili asirudi ndani walipokuwa watu, na watoto wake wakiwemo. Akaokota bunduki iliyotupwa ikiwa haina risasi, akaivurumisha kwenye kioo cha gari la muuaji, na muuaji akaondoka. Wote wawili walipewa New Zealand Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa raia wa kawaida nchini humo. Hakuna aliyeandaa mashindano ya kufanana nao.