Gesi ya roketi kwa mapafu? Moto sio shida kubwa

Wasee, kuna watu wanapiga mbizi wakipumua hidrojeni. Ndiyo, ile gesi ya roketi, ile iliteketeza Hindenburg mwaka 1937. Ukiambia mtu hivi, atakuambia hao ni wazimu. Mimi nakataa.

Cheki hesabu. Hidrojeni haiwaki bila oksijeni. Kama oksijeni kwa mchanganyiko haifiki asilimia 4 hivi, hata ulete cheche, moto haushiki. Huku juu ukipumua oksijeni kidogo hivyo utazimia chap chap. Lakini mita 30 chini ya maji presha ni mara nne ya huku juu, so asilimia 4 inafanya kazi ya asilimia 16. Unapumua. Ukishuka zaidi, uko sawa kabisa.

Na mbona wajisumbue? Ukienda chini sana, hewa ya kawaida inakulewesha na inakuwa nzito kuvuta. Heliamu inasaidia, lakini nayo ukishuka sana mwili unaanza kutetemeka. Hidrojeni ni nyepesi kuliko zote na inapunguza huo mtetemo. Ndiyo maana COMEX ya Ufaransa ilifikisha Théo Mavrostomos presha ya mita 701 mwaka 1992, ndani ya chemba nchi kavu.

Hatari yenyewe iko kwa kubadilisha gesi. Hewa yenye oksijeni asilimia 21 ikikutana na hidrojeni kwa paipu, hapo ndipo bomu huzaliwa. Arne Zetterström wa Uswidi alijua hivyo miaka ya 1940. Kila mara alipitia gesi ya katikati, naitrojeni na oksijeni kidogo, akishuka na akipanda. Agosti 1945 alifika mita 160, na hidrojeni haikumfanya chochote. Akipandishwa, watu wa winchi hawakuelewana, wakamvuta moja kwa moja bila kumsimamisha abadilishe gesi. Alikufa kwa kukosa oksijeni na kwa kupandishwa mbio. Moto haukuwepo.

Sasa 2023, Richard Harris, daktari Mwaustralia aliyesaidia kuokoa wale vijana wa pango la Thailand, alipumua hidrojeni mita 230 chini, kwa pango la New Zealand. Akatoka salama. Heshima kwake. Lakini mbizi moja haijathibitisha kitu. COMEX walikuwa na chemba, madaktari na watu wa kuangalia kila vali. Ukiwa kwa pango, msaada wako ni mwenzako tu.

So msimamo wangu ni huu: msipige hidrojeni marufuku, lakini isigeuke chalenji ya mtandaoni. Kama huna timu inayojua ni lini utabadilisha gesi, na nani atasema "simama" na asikizwe, baki na heliamu. Zetterström alipiga hesabu yake yote vizuri. Kilichomuua ni mtu wa juu kutoelewa.