Filta ya "Milele" Inakula Injini Yako Polepole

Wasee, wiki jana duka moja la spea liliniomba niwafanyie video. Kazi yenyewe rahisi: nishike filta ya hewa ya kuosha, ile ya pamba iliyopakwa mafuta, niseme maneno matatu, "nunua mara moja", halafu nilipwe. Nilikataa. Na si ati nina pesa. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, hiyo doo ningeipatia kazi siku hiyo hiyo. Nilikataa juu ya binamu yangu.

Binamu yangu ni dereva wa watalii. Gari ni yake, Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, na inalala Narok ikiamkia Mara. Miaka miwili imepita tangu atoe filta ya karatasi aweke ya kuosha, kwa sababu aliambiwa itampa nguvu na hatawahi nunua nyingine. Leo gari inakunywa oili kama chai na asubuhi inatoa moshi wa buluu. Fundi alipofungua injini alimwonyesha ukuta wa silinda, umelika kama umepigwa msasa. Akasema neno moja tu: "Vumbi." Sasa binamu analipa mkopo wa sacco, na gari iko juu ya mawe msimu wa nyumbu ukiendelea.

Najua, gari moja si ushahidi. Basi tuache hadithi, tuingie kwa hesabu.

Tuseme filta ya kuosha inakamata asilimia 97 ya vumbi, na ya karatasi iliyo nzuri inakamata asilimia 99.5. Kwa mtihani wote wawili wamepata A. Lakini injini haijali kilichokamatwa, inajali kilichopita. Mwaga gramu 100 za vumbi juu ya kila moja. Ya karatasi inapitisha nusu gramu. Ya kuosha inapitisha gramu 3. Hiyo ni mara sita! Tofauti iliyokuwa inakaa kama alama mbili na nusu kwenye boksi imekuwa mara sita ndani ya silinda.

Sasa angalia kiasi cha hewa. 1HZ ni injini ya lita 4.2, na kila raundi mbili inavuta karibu hewa yote hiyo. Ikiwa raundi 2,000 kwa dakika, hapo ni kama lita 4,000 za hewa kila dakika. Endesha saa sita nyuma ya magari mengine kwenye barabara ya vumbi, umevuta zaidi ya lita milioni moja. Na vumbi linaloua si ule mchanga unaouona kwenye kioo. Ni chembe za maikroni 5 hadi 20, wakati unywele wako una kama 70. Hizo zinaingia kati ya ringi na ukuta wa silinda, mahali oili ni utando mwembamba tu, na zinasaga.

"Lakini inaongeza nguvu, bro." Inaongeza kelele. Dizeli kama ya 1HZ haina tabo, na nguvu yake inapangwa na dizeli ambayo pampu inapiga. Hewa iko ya kutosha tayari. Ukiongeza hewa na dizeli ikabaki ile ile, hujaongeza kitu. Karatasi ya filta imekunjwa kunjwa ili eneo lake liwe kubwa, kwa hivyo ikiwa safi injini inapumua vizuri tu. Shida inaanza ikiziba, na dawa ya kuziba ni kubadilisha.

Kitu kingine hawakuambii: kuna kipimo cha kimataifa cha filta za hewa, kinaitwa ISO 5011, na vumbi la kupimia liko la aina mbili, laini na nene. Filta ile ile itapata alama za juu zaidi kwa vumbi nene. Kwa hivyo mtu akikuonyesha asilimia, muulize ni ya vumbi gani. Akikuangalia tu, umepata jibu.

Tuje kwa kuosha kwenyewe. Ile filta inataka sabuni yake, maji, ikauke kabisa, halafu ipakwe mafuta kwa kipimo. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukipaka mengi, kwenye gari za kisasa mafuta yanaweza kurukia sensa ya hewa na taa ya injini inawaka. Sasa piga picha uko Loiyangalani, umetoka Marsabit siku nzima kwa vumbi, na filta moja. Upepo wa pale ndio unazungusha mitambo 365 ya umeme. Utaanika wapi filta yenye unyevu? Na ikianikwa, gari inaenda na nini? Mwenye karatasi amefungua klipu, ametoa iliyochafuka, ameweka mpya, anakunywa soda.

Najua mtanijia na mambo matatu.

Moja, magari ya mbio. Ndiyo, nimewaona wakipita kwenye fesh-fesh ya Kedong kule Naivasha, ile poda inayoficha gari nzima. Lakini gari la mbio lina mafundi wanaolingoja kila jioni, na injini yake haikutengenezwa ifike kilomita 400,000. Ya binamu yangu ilitakiwa ifike.

Mbili, pikipiki za motokrosi. Hapa niko na nyinyi. Zinatumia sponji yenye mafuta na inafanya kazi fiti. Lakini muulize mwenye nayo: anaiosha kila akirudi nyumbani. Filta ya kuosha inataka mtu wa kuosha. Wengi wenu hamjafungua boneti tangu gari itoke Mombasa.

Tatu, karatasi feki. Hii ndiyo hoja ya ukweli, na sitaikimbia. Kuna filta za karatasi sokoni ambazo ni aibu, na ya kuosha iliyotunzwa vizuri inaweza kuzishinda. Lakini dawa ya feki ni kujua kukagua. Mikunjo iwe sawa. Mpira wa ukingoni uwe laini, si plastiki ngumu. Washa tochi ya simu upande wa ndani, zungusha polepole: ukiona tundu lolote linalopitisha mwanga mkali, rudisha.

Kwa hivyo mwenye kutoka lami afanye hivi. Weka karatasi nzuri, beba ya pili imefungwa kwenye mfuko wake. Kama unaishi kwa vumbi, funga kile kikombe cha kuzungusha hewa kabla ya filta, kinamwaga vumbi zito lisifike hata kwa karatasi. Usifungue kila siku ukipiga kompresa, maana karatasi ikishika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi, na presha kubwa inaitoboa. Halafu kila ukibadilisha, pitisha kidole ndani ya bomba linaloenda kwa injini, baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, kuna kitu kinapitisha. Hiyo ni bure na haihitaji digrii. Mimi mwenyewe sina.

Kama gari yako inajua tu Thika Road na maegesho ya mall, weka filta unayotaka, hata ya rangi ya lipstiki. Lakini usimuuzie hiyo hadithi mtu ambaye injini ndiyo shamba lake. Neno "milele" lilikuwa la filta. Hakuna mahali kwenye boksi palisema la injini.

Kama unatumia ya kuosha na unabisha, fanya ile ya kidole leo, piga picha, weka hapo chini. Tuone.