Waraka kwa Washarika Wote Kuhusu Sadaka ya Mavuno



Jumapili ya mavuno imekaribia. Kabla hatujafunga magunia na kukamata kuku, nawaomba tukumbushane tunakwenda kufanya nini madhabahuni.

Mambo ya Walawi inaeleza sadaka za aina tano: ya kuteketezwa, ya unga, ya amani, ya dhambi na ya hatia. Warumi walipolibomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70, uchinjaji ule ulikoma. Lakini sisi hatuchinji kwa sababu nyingine: Waebrania sura ya 10 inatufundisha kwamba Kristo alijitoa mara moja, na ikatosha. Deni la dhambi limekwisha kulipwa. Hakuna gunia la mahindi wala bahasha nene iwezayo kuongeza kitu pale msalabani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusikubali kuuziwa baraka. Watu wanaambiwa kwamba sadaka ya kiasi fulani itavunja laana ya ukoo, italeta mchumba au itafungua biashara. Mama anatoa ada ya mtoto, anasubiri muujiza, shule zinafunguliwa na mtoto anabaki nyumbani. Sisi tunamtolea Mungu kwa kuwa ametutendea mema. Hatumtolei ili tupate cha kumdai.

Sadaka zilizobaki kwetu Waebrania 13 inazitaja: kumsifu Mungu, kutenda mema na kushirikiana. Paulo alipokuwa kifungoni, Wafilipi walimpelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye akauita sadaka yenye harufu nzuri. Msaada wa mfungwa ulihesabiwa kuwa ibada.

Wapo wenzetu ambao Jumapili hii watabaki nyumbani kwa kuona haya, eti hawana cha kuleta. Waambieni kwamba hata Torati ilimfikiria maskini. Aliyeshindwa kondoo alileta ndege wawili. Aliyeshindwa ndege kwa sadaka ya dhambi alileta unga, sehemu ya kumi ya efa, yaani kama lita mbili. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege, ile ya wasio na uwezo.

Nasi tumeyaona haya kwenye mnada baada ya ibada. Bibi analeta mayai manne kwenye pindo la khanga. Mnadi anayainua, bei inapanda hadi kuipita ya kuku mzima, na aliyeyanunua anaagiza yapelekwe kwa mgonjwa. Mayai yale yale yamemshukuru Mungu, yamelisaidia kanisa na yamemlisha mtu.

Basi nawasihi mambo manne. Kwanza, tulete kilicho chema; nabii Malaki aliwakemea makuhani waliotoa wanyama vipofu na vilema, nasi tusilete mahindi yaliyobunguliwa. Pili, mwenye ugomvi na nduguye akapatane naye kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 5. Tatu, wazee wenzangu, tuache kusoma majina na viwango vya fedha mbele ya watu, maana kusoma kule kunampandisha mmoja na kumwinamisha mwingine. Nne, kama zaka ya mwaka wa tatu ilivyokuwa ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, tutenge fungu la wahitaji wa usharika huu, na matumizi yake yasomwe hadharani, hadi shilingi ya mwisho.

Aliyekosa mavuno mwaka huu aje hivyo hivyo, aimbe nasi. Sifa yake ni sadaka kamili, na fungu tutakalotenga litaanzia kwake.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mzee wa Kanisa, kwa niaba ya Kamati ya Uwakili